Kulinunua gari la kasi si kazi, kazi ni kulitunza

Kila mwaka unapokaribia kutimia, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) hutoa ilani ya kuwakumbusha waagizaji kwamba gari lililozidi umri wa miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza halitaruhusiwa kuingia nchini. Kwa mwaka wa 2025, kwa mfano, gari lililosajiliwa kabla ya Januari 2018 lilifungiwa mlango wa Mombasa. Wengi huisoma ilani hiyo kama habari ya wafanyabiashara. Mimi huisoma kama habari ya walimu, hasa walimu vijana, kwa kuwa natambua kinachofuata baadaye. Magari ya bei nafuu yakiadimika melini, macho ya mnunuzi mwenye kipato cha kadiri hugeukia yadi za humu nchini, nako huko hukutana na magari ya mkono wa tatu na wa nne, yaliyong'arishwa kwa nta hadi mtu akajitazama usoni humo.

Wala si gari lolote linalotamaniwa. Katika maegesho ya shule zetu nyingi za sekondari utaona Subaru Impreza, Forester yenye turbo, Toyota Mark X, na hapa na pale Volkswagen Golf GTI. Haya ni magari yaliyoundwa kwa ajili ya kasi. Sitawakejeli wanaoyapenda. Taifa lililolelewa na mbio za Safari Rally, lililomshangilia Patrick Njiru akiwa usukani mwa Subaru na kumwona Colin McRae akishinda mbio hizo mwaka wa 1997 katika Impreza ya buluu, haliwezi kulaumiwa kwa kuwa na vijana wanaosisimkwa na mngurumo wa injini hiyo. Mbio hizo ziliporejea katika mashindano ya dunia huko Naivasha mwaka wa 2021, mapenzi hayo ya zamani yalipata kuni mpya. Swali langu ni jingine: ni nani atakayegharamia mapenzi hayo baada ya kiwanda kunawa mikono?

Maana kiwanda kilinawa zamani. Nchini Japani, gari jipya kwa kawaida huuzwa likiwa na dhamana ya miaka 3 au kilomita 60,000, nayo injini na sehemu nyingine nyeti hupewa miaka 5 au kilomita 100,000. Gari hilo linaposhushwa Kilindini likiwa na umri wa miaka sita au saba, muda huo umekwisha. Na hata kama ungekuwapo, ulikuwa ahadi baina ya kiwanda na Mjapani aliyelinunua. Mnunuzi wa Nakuru au Kakamega hakuwamo katika ahadi hiyo. Kile ambacho yadi zetu huita dhamana aghalabu ni neno la mdomoni, au karatasi yenye muhuri inayotaja wiki mbili za injini na giaboksi, na ambayo haisemi ni nani atakayeamua kama hitilafu ni ya injini au ni ya "uendeshaji mbaya".

Hapa ndipo penye fumbo ambalo wengi hawalifumbui. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki. Gari lililouzwa likiwa jipya kwa mamilioni kadhaa linaweza kupatikana leo kwa robo ya thamani hiyo, na mnunuzi akajiona mjanja. Turbo yake, hata hivyo, haijui kwamba gari limeshuka bei. Giaboksi yake haijui. Breki zake pana zilizokusudiwa kulisimamisha gari la kasi bado ni breki za gari la mamilioni, na anayeziuza atadai bei ya gari la mamilioni. Kwa hivyo mtu hununua kwa kipimo cha mfuko wake, kisha hutunza kwa kipimo cha mfuko wa yule tajiri wa kwanza. Yule tajiri naye aliliuza, si kwa sababu alilichoka tu, bali mara nyingi kwa sababu alikuwa ameonyeshwa orodha ya matengenezo yanayokuja.

Nichukue mfano wa Subaru, maana ndiyo inayozungumzwa zaidi. Injini iliyolipa jina gari hili, ile ya EJ20, ilianza kutumika mwaka wa 1989 na ikastaafishwa katika magari ya Japani mwishoni mwa mwongo wa 2010. Silinda zake nne hulala ubavu, mbili kila upande, zikipigana ngumi kama mabondia. Mpangilio huo huliweka gari chini na kulipa utulivu katika kona. Lakini injini hiyo inaendeshwa kwa mkanda wa taimingi, na mkanda huo una ajali yake iliyoandikwa: kilomita 100,000 hivi. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni na valvu hugongana, na kilichokuwa injini hugeuka chuma chakavu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Sasa jiulize, msomaji mpenzi: kama kipimo cha kilomita katika dashibodi kimerudishwa nyuma, unajuaje kama mkanda huo umebakiwa na kilomita elfu arobaini au arobaini tu?

Turbo nayo ina adabu zake. Gurudumu lake dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likisukumwa na moshi wa moto mkali, na kinga yake ya pekee ni utando mwembamba wa mafuta ya injini. Mafuta yakipungua au yakichakaa, turbo huumia kabla ya sehemu nyingine zote. Mafundi wanaoheshimu kazi yao hushauri kuyabadilisha kila kilomita 5,000, tena mafuta ya daraja linalotakiwa, si yale ya kupimwa kwa kopo kutoka kwenye pipa. Aidha, dereva aliyetoka kupanda mteremko wa Kijabe kwa fujo hapaswi kuizima injini papo hapo afikapo. Aiache ipumue dakika moja au mbili, la sivyo mafuta yaliyosimama ndani ya turbo yataungua na kuganda kama masizi ya sufuria. Ni kijijambo kidogo mno kwa mtu kufanya, lakini sijui ni wamiliki wangapi wa kwanza, wa pili na wa tatu wa gari lako waliokifanya.

Mark X ina silika tofauti. Injini yake ya silinda sita haina turbo, na ikibadilishiwa mafuta kwa wakati huvumilia mengi. Huenda hii ndiyo sababu niliyo mpole kwake. Golf GTI ni mwanafunzi mwerevu asiyesamehe uzembe. Giaboksi yake ya klachi mbili zinazoogelea katika mafuta hudai mafuta mapya kila kilomita 60,000, na mmiliki aliyedanganywa kwamba giaboksi hiyo "haifunguliwi maisha" hugundua ukweli siku gari linapoanza kutetemeka kwenye foleni. Katika miji yetu mingi si rahisi kumpata fundi mwenye vifaa vya kuifungua na kuifunga ipasavyo.

Kuna pia suala la petroli, ambalo sijasikia likizungumzwa kwenye yadi hata mara moja. Mengi ya magari haya ya turbo yaliundwa kwa petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani, ambayo kipimo chake cha okteni kwa kanuni za huko hakipungui 96. Petroli ya kawaida katika vituo vyetu iko chini ya kiwango hicho. Petroli hafifu ndani ya injini yenye shinikizo kubwa hulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo huigonga pistoni kama nyundo. Kompyuta ya gari hujaribu kuiokoa injini kwa kupunguza nguvu, lakini ikiwa kijana fulani aliyelimiliki kabla yako aliichezea kompyuta hiyo ili bomba litoe mipasuko ya kuwatisha akina mama sokoni, kinga hiyo huenda haipo tena. Ndiyo maana nasema kwamba gari la kasi lililokarabatiwa kwa mbwembwe, lenye bomba kubwa na taa za rangi, linafaa kuogopwa kuliko lile lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani.

Niligusia kipimo cha kilomita. Udanganyifu huu ni mkongwe, na umewezekana kwa sababu mnunuzi wetu haombi karatasi. Japani, gari dogo la abiria hukaguliwa kisheria miaka mitatu baada ya kusajiliwa, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita huandikwa. Cheti cha kuliondoa gari katika daftari la Japani ili lisafirishwe hubeba kumbukumbu hiyo. Lililopitia mnadani huwa na karatasi ya mnada pia, ambapo mkaguzi ametia alama za mikwaruzo na kulipa gari daraja. Herufi R humaanisha gari lililokarabatiwa baada ya kugongwa. Karatasi hizi zipo. Mwuzaji anayesema zilipotea, huku akiwa amehifadhi vyema risiti zake za ushuru, anakuambia jambo ambalo hataki kulitamka.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Fizikia katika shule ya kaunti, alinunua Forester ya turbo katika yadi moja ambayo sitaitaja. Alikwenda asubuhi, akalikuta gari likinguruma vizuri, joto, tayari kwa safari. Alilipa. Wiki ya tatu, alipoliwasha alfajiri lenye baridi, alisikia mgongano wa chuma ambao hakuwahi kuusikia alipolijaribu. Fundi alimweleza kuwa mgongano huo hujificha injini ikipata moto, na kwamba bila shaka gari lilikuwa limepashwa joto kabla hajafika. Gharama ya kuifungua injini ilikaribia theluthi ya bei ya gari. Yadi ilimkumbusha kuwa alilikagua mwenyewe na kutia sahihi. Hadi ninapoandika makala hii, gari hilo limeegeshwa chini ya mwembe nyumbani kwa wazazi wake, naye hupanda matatu. Mkopo wenyewe haujaegeshwa popote. Unakatwa kila mwezi.

Mkasa huo una mafunzo mawili, moja la ufundi na moja la sheria. La ufundi ni jepesi: mwambie mwuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, na uiguse kwa mkono uhakikishe ni baridi. Nenda na fundi wako, si fundi wa yadi. Mwombe apime mgandamizo wa kila silinda, maana silinda moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake basi pistoni au valvu imeshaanza kulia. Aunganishe kifaa cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa katika kompyuta, na atazame kama makosa hayo yalifutwa siku hiyohiyo. Fungua kifuniko cha mafuta; ukiona povu jeupe kama maziwa, maji yanaingia yasikotakiwa, na gasketi ya silinda imekwisha. Tazama ubavu wa tairi: tarakimu nne za mwisho hueleza wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa hivyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2018, hata kama kashata zake bado ni nzito na nyeusi ti. Kisha tafuta rekodi za gari kwa Mamlaka ya Usalama Barabarani (NTSA), ujue mmiliki halisi ni nani, na kama kuna benki au mkopeshaji anayelidai. Gharama ya shughuli yote hii haifiki bei ya tairi moja jipya.

Funzo la sheria ni zito zaidi. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliigwa kutoka kwa ile ya Uingereza ya 1893, na msingi wake ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Hata hivyo kifungu cha 16 kinampa kinga: anayenunua kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, kwa kutegemea maelezo yake, anastahili bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Lakini zingatia kikwazo kilichomo: ikiwa mnunuzi ameikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana yadi hukimbilia kukutilisha sahihi kwamba umekagua na umeridhika. Na anayenunua kutoka kwa mwenzake wa chumba cha walimu, ambaye si mfanyabiashara wa magari, hana hata kinga hiyo ndogo ya ubora.

Juu ya sheria hiyo ya zamani sasa kuna Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kadiri, haki ya kupata maelezo anayohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyaamua katika siku 60. Bei ya magari mengi ninayoyazungumzia, au angalau gharama ya kuyakarabati, inaingia katika kiwango hicho. Sielewi kwa nini walimu, watu wanaojua kusoma na kuandika kuliko wengi, hawaitumii. Andika maswali yako kwa mwuzaji kabla ya kulipa: gari limewahi kugongwa? Mkanda umebadilishwa lini? Kilomita ni za kweli? Jibu lake, hata likiwa ujumbe wa simu, linaweza kuwa ushahidi.

Turudi kwenye mfuko. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili za mshahara. Wengi huichukua kanuni hiyo kama kibali cha kukopa hadi kikomo, ilhali ilikusudiwa kuwa ukuta wa mwisho wa kumkinga mfanyakazi asilale njaa. Tuchukue mfano wa darasani. Mwalimu apataye shilingi 50,000 akikopa hadi ukutani atabaki na 16,667. Nyumbani kwake hadi shule, kwenda na kurudi, ni kilomita 20, naye hufanya safari hiyo siku 22 kwa mwezi. Jumla kilomita 440. Gari lake la turbo linakwenda kilomita 8 kwa lita moja, hivyo anahitaji lita 55. Kwa mwaka mzima wa 2025 lita ya petroli jijini Nairobi ilikuwa zaidi ya shilingi 170. Hata kwa 170 kamili, hizo ni shilingi 9,350. Amebaki na 7,317. Hajalipa kodi ya nyumba, hajala, hajalipa bima, na mkanda wa taimingi unamsubiri.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, na hapa matanga yanaweza kuwa ya kweli. Mmiliki aliyekwisha kabisa mfukoni hafanyi uamuzi wa mhandisi. Hufanya uamuzi wa mtu mwenye shilingi 7,317. Atanunua pedi za breki zisizojulikana zilikotoka. Atafunga tairi lililotumika. Wauza vipuri wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi wanauza vitu halisi na pia vya bandia, wakati mwingine kwenye kaunta hiyohiyo, licha ya kuwapo kwa sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008. Na boksi lenye nembo si ushahidi wa kilichomo. Sasa mwalimu wa Fizikia na awaonyeshe wanafunzi wake hesabu hii ubaoni. Gari la kilo 1,400 likienda kilomita 50 kwa saa lina nishati ya jouli zipatazo 135,000. Likienda kilomita 100, mwendo umezidi maradufu lakini nishati imefikia 540,000, mara nne. Nishati hiyo yote lazima igeuke joto ndani ya breki kabla ya mtoto anayevuka barabara. Gari la kawaida lenye breki hafifu lina hatari yake. Gari linaloweza kufikia kilomita 180 bila kutoa jasho, likiwa na breki hizohizo hafifu, ni jambo jingine kabisa, na kikomo cha juu cha kisheria katika barabara zetu ni 110.

Wapo watakaoniambia kwamba fundi hodari wa jua kali hutatua haya yote kwa gharama ndogo. Nawaheshimu mafundi hao. Wengine husikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua. Lakini magari haya yamevuka mpaka wa spana na nyundo. Vyuo vyetu vya kiufundi vina wanafunzi wengi wa ufundi wa magari, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) ina mitihani ya madaraja ya mafundi, ila mmiliki wa kawaida hamwulizi fundi cheti, wala fundi haoni faida ya kukitafuta. Kijana anayehitimu leo akijua kusoma mawimbi ya vihisi vya injini na kuifungua giaboksi ya klachi mbili atapata kazi kabla ya mwenzake aliyesomea vitu vya kifahari zaidi. Walimu wanaowashauri wanafunzi kuhusu njia za masomo katika shule za upili wangefanya vyema kulitaja jambo hilo bila kulionea haya.

Kwa upande wa serikali, sioni haja ya tume wala semina ya hotelini. KEBS tayari hudai gari likaguliwe kabla ya kusafirishwa, na cheti cha Japani chenye kumbukumbu ya kilomita tayari hufika nchini pamoja na gari. NTSA tayari ina hifadhi ya rekodi ambayo mwananchi huweza kuifungua kwa simu. Kilichobaki ni kuichukua ile tarakimu moja ya kilomita kutoka kwenye cheti na kuiandika katika rekodi hiyo siku gari linaposajiliwa, kisha kuiandika tena kila linapobadilisha mmiliki. Mwalimu wa Kisii aliyeketi kitandani na simu yake angeweza kuona kwamba gari aliloambiwa lina kilomita 78,000 liliwasili Mombasa likiwa na 131,000. Kwa sasa karatasi hiyo imo katika kabati la mwuzaji, na ufunguo anao yeye.